UZI MREFU: Jogoo, sufuria nyeusi na kilomita 4. Vita vya Burundi nilivyoviona mimi raia

#1 MkimbiziMstaafu

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa Kongo kuna mdau aliandika kwamba "watu wa huko wameshazoea vita." Sikumjibu palepale, ningemtukana na mods wangenila ban. Nimekaa nayo wiki nzima, leo naiweka hapa.

Februari 2025 nilipeleka mzigo wa vipuri vya simu Rugombo, mkoani Cibitoke. Ndio siku zile Wakongomani walikuwa wanavuka Rusizi kwa maelfu, uwanja wa mpira umejaa mpaka golini. Kulikuwa na mama amekalia godoro lililokunjwa, amepakata sufuria kama mtoto mchanga. Nje ya sufuria kulikuwa na masizi tii, ndani inang'aa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko biashara iliyonipeleka, na nitawaambia kwa nini.

Mimi ni wa Makamba, kusini mwa Burundi, nimezaliwa 1987. Kwa wasiojua: Juni 1993 Melchior Ndadaye alishinda uchaguzi, akawa rais wa kwanza aliyechaguliwa kwa kura na Mhutu wa kwanza kushika kiti hicho. Aliapishwa Julai 10. Oktoba 21 wanajeshi wa jeshi lililoshikwa na Watutsi wakamuua. Hakumaliza hata miezi minne. Kuanzia hapo ni miaka 12 mpaka Rais Nkurunziza alipoapishwa Agosti 2005, na hata hapo waasi wa Kihutu wa FNL walikuwa bado hawajaweka silaha chini. Hesabu inayotajwa siku zote ni watu 300,000 waliokufa. Siasa yake mtaikuta kwingine. Mimi nataka kuandika habari za jogoo.

Burundi hatuishi kijijini kama Tanzania. Kila mtu yuko na boma lake juu ya kilima, katikati ya migomba yake, jirani unamsikia akikohoa lakini humuoni. Mwaka 1996 kilima chetu kizima kiliacha kulala ndani. Jua likizama tunabeba mikeka tunaingia migombani au bondeni kwenye matete. Wiki ya kwanza jogoo wa jirani akawika saa tisa usiku, na kumbe kwenye mabonde kuna watu wanapita na bunduki, wanatafuta pa kupumzika na pa kula. Asubuhi yake wazee wakakubaliana: hakuna jogoo kilimani. Tulikula nyama siku tatu mfululizo. Sisi watoto tulifurahi, nakiri.

Mama naye alikuwa fundi wa kusugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka ujione. Akaacha kusugua nje. Usiku wa mbalamwezi alumini inamulika kama tochi, na sufuria ndiyo mali tuliyokuwa tunalala nayo, ukiiacha ndani asubuhi huikuti. Kwa hiyo nje masizi, ndani safi.

Sasa ndugu yangu uliyesema tumezoea. Sawa, jibu nimekupa, naendelea.

#2 Kibonge wa Tandika

Naweka kambi hapa. Shusha mkuu.

#3 MkimbiziMstaafu

Kinachomtesa raia kwenye vita virefu ni kwamba analipa kotekote, na kila risiti aliyonayo ni kosa kwa yule mwingine.

Usiku walikuja watu wa msituni. Hawakupiga mtu, walikuwa na adabu hata. Kila boma debe la maharage na faranga kidogo, "mchango wa ukombozi." Ukikataa wewe ni msaliti. Asubuhi wanapanda wanajeshi: nani kawapa maharage? Ukisema hukutoa wewe ni mwongo, maana moshi wa jiko lao waliuona. Ukisema ulitoa basi umekiri. Baba alikuwa anatoa usiku, na mchana anapeleka mkungu wa ndizi na galoni ya mawese kwenye kituo cha jeshi, kwa hiari yake, kabla hawajamuuliza. Ndizi zikaisha, mawese yakaisha, mpaka mbuzi wakaisha, na bado hatujaona risasi hata moja.

Anayedhani nakuza mambo aitafute habari ya Itaba, mkoani Gitega, Septemba 2002. Jeshi liliingia kuwasaka waasi, likaua raia zaidi ya 170, wakiwemo akina mama na watoto. Waasi walikuwa wamepita eneo lile, na wakazi walikuwepo. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

Serikali nayo ikaja na dawa yake: kusomba watu vilimani na kuwarundika kambini ili waasi wakose chakula. Kwa Bujumbura vijijini, kuanzia Septemba 1999 walisombwa zaidi ya 300,000. Unapewa saa chache ubebe ulichonacho, unajenga kibanda cha majani sehemu isiyo na maji, shambani unaruhusiwa kwenda kwa siku na saa wanazotaka wao. Kahawa inaivia mtini, maharage yanaota magugu, na wewe unayatazama kutoka ng'ambo. Ni Mandela, alipochukua usuluhishi baada ya Nyerere kufariki, ndiye aliyezisema kambi zile hadharani mpaka zikafungwa mwaka 2000.

Halafu vikwazo. Meja Buyoya alipopindua serikali Julai 1996, nchi jirani zikafunga mipaka, Tanzania mstari wa mbele. Nia ilikuwa nzuri, na labda ndivyo alivyoburutwa mpaka kwenye meza ya mazungumzo ya amani Arusha. Lakini vikwazo vilidumu mpaka Januari 1999, na wakubwa wa magendo ya petroli walijenga maghorofa katikati ya vikwazo hivyohivyo. Sisi tulikosa sabuni. Mnacheka, ila upele ulitutafuna mpaka shuleni tukakaa mbalimbali, kabla shule yenyewe haijafungwa.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka miwili. Akapata homa. Zahanati ya karibu ilikuwa haina mtu, mganga kakimbia, dawa zimebebwa. Hospitali iko njia ya lami, na lami ilikuwa na vizuizi. Baada ya saa tisa alasiri ukionekana barabarani umejitakia. Mama akasema tusubiri kupambazuke. Kulipambazuka mara mbili. Hakuna aliyempiga risasi, hakuna aliyemgusa. Kila nikisikia ile 300,000 najiuliza mtoto yule yumo au hayumo.

#4 Nesi_wa_Zamani

Pole sana kaka. Mimi ni Mtanzania, nilifanya kazi na shirika moja huko Burundi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuanzia mwishoni mwa 2000 malaria ililipuka milimani, Kayanza, Ngozi, Karuzi, sehemu za baridi ambako watu hawakuwa na kinga. Wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni, na nchi nzima ilikuwa na watu kama milioni 7. Klorokwini ilikuwa imeshagonga mwamba, tunawapa na homa hairudi nyuma. Watu wamesombwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine, wamelala nje, hawajala, mbu wana sherehe.

Ila kilichonikaa ni kingine. Mwaka 2002 serikali iliyofilisika na vita ikaweka utaratibu wa mgonjwa kulipa gharama zote. Kuna hospitali moja, sitaitaja, niliwakuta akina mama waliojifungua kwa upasuaji wamezuiwa wodini kwa sababu hawajalipa. Mshono umeshapona, mtoto ameanza kucheka, na mama haruhusiwi kutoka getini. Mmoja alikuwa anafua nguo za wagonjwa wengine apate hela ya kula, maana hospitali haikutoa chakula. Mumewe aliuza shamba kumkomboa. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kumkomboa. Mei 2006 ndipo rais mpya akatangaza uzazi na watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure.

#5 Msukuma Original

Mimi huwa sielewi. Warundi mna lugha moja, dini moja, mnakula maharage yaleyale. Mlikuwa mnagombea nini hasa?

#6 MkimbiziMstaafu

@Msukuma Original swali halali. Kwenye nchi ndogo isiyo na viwanda wala madini ya maana, serikali ndiyo mwajiri, ndiyo shule, ndiyo bima. Aliyelishika jeshi kashika vyote. Mwaka 1972 baada ya uasi wa Wahutu kusini, utawala wa Rais Micombero uliua Wahutu kwa makumi elfu, wakianza na waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Babu yangu aliyeponea chupuchupu alimkataza baba asivuke darasa la nne. Alisema kalamu ndiyo iliyowaua wenzake. Kizazi kizima kilikua hivyo, halafu watu wakashangaa kwa nini ofisini wamejaa wa kabila moja.

Wale waliokimbia 1972 ndio mnaowajua nyie kama watu wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya 160,000. Kwa hiyo Msukuma, kuna uwezekano umekaa dawati moja na Mrundi na hukujua.

#7 NG'AMBO YA BONDE

Mtoa mada, nimekusoma mpaka mwisho na nalia na wewe kwa mdogo wako. Lakini umeandika kama kwamba vita vilikuwa kati ya jeshi na kilima chako. Mimi ni Mtutsi wa Gitega. Ndadaye alipouawa, kabla jeshi halijafika popote, majirani zetu walikata miti wakaziba barabara na wakaanza na sisi. Kibimba unaijua. Wanafunzi na walimu wa sekondari walifungiwa kwenye jengo la kituo cha mafuta wakachomwa moto. Bugendana, Julai 1996, waliokwisha kukimbia makwao wakafuatwa hukohuko kambini usiku, zaidi ya 300. Hawakuwa jeshi wale.

Sisi tulikimbilia karibu na kituo cha jeshi, tukajengewa vibanda vya bati. Nilikuwa na miaka 8. Niliondoka hapo nina miaka 22, na mama yangu bado yuko hapo mpaka leo. Kilima chetu kiko ng'ambo tu ya bonde. Unaiona mikaratusi aliyopanda baba. Unaona moshi wa watu wanaopika kwenye kiwanja chetu. Ni mwendo wa nusu saa na hatujawahi kuvuka kwenda kulala. Mchana mama anakwenda kulima, saa kumi anarudi, kama mtu aliyeajiriwa kwenye shamba lake mwenyewe.

Wewe ulivuka mpaka ukapata kadi ya mkimbizi. Sisi hatukuvuka popote, kwa hiyo kwa hao wenye kadi hatukuwa wakimbizi.

#8 MkimbiziMstaafu

@NG'AMBO YA BONDE hapo huna deni, umenidai na nalipa. Niliandika nilichokiona kwa macho ya mtoto wa upande mmoja. Kibimba tuliisikia, na nikisema kweli kilimani kwetu kuna waliosema "na wao waonje." Baba hakusema, lakini hakuwakataza. Nalibeba na hilo.

Ila nawe umenikumbusha Buta. Mpo wangapi hapa mnaoijua Buta? Aprili 30, 1997, seminari ndogo mkoani Bururi. Waasi waliingia bwenini alfajiri wakawaambia wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Wakaambiwa tena, wakakataa. Waliuawa vijana 40, wengine wamekufa wameshikana mikono. Ni siku hiyohiyo familia yetu ilipoamua kuondoka, maana kama bweni la mapadre halina usalama, migomba itatusaidia nini.

#9 Binti Buyenzi

Amahoro wapendwa. Nami nichangie kidogo, mimi ni Mswahili wa Buyenzi, Bujumbura, babu zetu walishuka na ziwa kutoka Ujiji.

Miaka ya 1994 na 1995 mji uligawanywa kama keki. Kamenge na Kinama za Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga za Watutsi. Kulikuwa na siku za "mji mfu": vijana wanaziba njia kwa mawe na matairi, hakuna kwenda kazini, hakuna soko. Ukikosea kona umekufa. Watu walikuwa wanatazamwa pua na urefu, basi. Ndugu wa mtu mmoja waliuawa na watu wao wenyewe kwa sababu ya pua.

Buyenzi tulibaki tumechanganyika. Sisemi sisi malaika, ila pale mtu akikuuliza "wewe nani?" unamjibu "mimi Mswahili," na mambo yanaishia hapo. Marehemu bibi alikuwa na vyumba vinne, tulilala humo watu thelathini na kitu, wa huku na wa kule. Wanaume wanapishana zamu mlangoni. Bibi alikuwa na amri moja tu: hakuna kuongea Kirundi baada ya isha, Kiswahili tu, ili anayesikiliza dirishani asijue ndani kuna nani. Wapo waliojifunza Kiswahili kwa hofu, nyumbani kwetu, kwa wiki mbili.

#10 Kibonge wa Tandika

Dah. Huyo bibi apewe maua yake.

#11 HeruJuu

Mimi mwana Kasulu, Kigoma. Nitasema ambacho wengine hawatapenda. Wakimbizi walitusumbua. Misitu iliisha kwa kuni, mahindi yaliibwa mabichi, na bunduki zilivuka mpaka pamoja nao. Kuna miaka basi la Kibondo lilikuwa halitembei bila askari ndani. Mjomba wangu alitekwa. Kwa hiyo serikali iliposema mkimbizi asitoke zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini, wengi wetu tulipiga makofi.

Lakini niwe mkweli pia. Mashamba yetu yalilimwa na nani? Baba yangu alikuwa anawachukua alfajiri, wanalima mpaka saa nane, ujira ni sahani ya ugali na shilingi mia tano. Akigoma kulipa wanamshitaki wapi, na wenyewe wako nje ya kilomita 4? Na mbaazi njano, unga wa msaada na mafuta ya makopo tulivinunua kwao kwa bei ya kutupa. Maduka kadhaa mjini Kasulu yamesimama kwa hilo.

Kuna na la mwisho wa 1997. Wanajeshi wetu waliwasomba Warundi wote waliokuwa wanaishi vijijini, hata wale walioolewa kwetu, wengine wako Tanzania toka enzi za babu. Jirani yetu alirudi toka mnadani akakuta mke hayupo, sufuria iko jikoni inachemka. Sisi Waha na Warundi tunasikilizana lugha bila mkalimani, na bado.

#12 MkimbiziMstaafu

@HeruJuu umesema kweli tupu, nikikukuta Kasulu nakununulia soda. Inawezekana nililima shamba la mzee wako. Nilianza nikiwa na miaka 12.

Kambini niliishi miaka 11. Sitaitaja. Nakumbuka foleni ya mgao kuliko nakumbuka uso wa mwalimu wangu. Mgao ukipunguzwa, tangazo linabandikwa kwenye mbao: unga umeshuka kutoka gramu fulani hadi gramu fulani, kwa kila mtu kwa kila siku. Mama hajui kusoma lakini zile gramu alizijua zote. Ndipo unatoka nje ya kilomita 4 kutafuta kibarua, unakamatwa, unapigwa fimbo, unarudi bila jembe. Kesho unakwenda tena kwa jembe la kuazima.

Arusha walisaini Agosti 28, 2000. Kambini tulicheza ngoma usiku kucha. Walikuwepo Mandela na Clinton, lakini makundi mawili makubwa ya waasi yenye bunduki, FDD na FNL, hayakuwa kwenye karatasi ile. Kwa hiyo vita vikaendelea miaka mingine. FDD walikubali mwishoni mwa 2003. Katikati hapo ndipo Itaba, ndipo Gatumba, Agosti 2004, Banyamulenge (Watutsi wa Kongo) zaidi ya 150 wakauawa usiku kwenye mahema ya wakimbizi. Tukaacha kucheza ngoma kwa ajili ya saini.

Nilirudi 2008 na baba. Kwenye kiwanja chetu tukakuta mtu, ana barua ya komini (halmashauri yetu), ana watoto watano, na yeye alifukuzwa kwao Rumonge na mtu aliyerudi kutoka Katumba akidai michikichi ya baba yake ya 1972. Unaona mnyororo ulivyo? Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ikaja na kamba, wakapima, nusu yetu nusu yake. Mpaka unapita katikati ya migomba tuliyokuwa tunalala. Baba alitaka vita, mama akasema mchukue nusu mlale. Mtoto wa kwanza wa yule bwana leo ni fundi wangu dukani, anabadilisha vioo vya simu.

#13 NG'AMBO YA BONDE

Nusu mlizipata. Sisi hatujapimiwa hata kamba. Lakini asante kwa kunijibu bila matusi, hapa jukwaani si kawaida.

#14 Kibonge wa Tandika

Mkuu swali la kizushi. Wale jogoo mlirudisha? Na sufuria ya bimkubwa?

#15 MkimbiziMstaafu

Sufuria anasugua ndani tu mpaka leo. Nimemnunulia seti mpya ya zile zinazong'aa, ameitia kabatini.

Kuku anafuga, majike saba. Jogoo hataki kumsikia. Vifaranga ananunua sokoni Mabanda, na wakikua akaona mmoja anajaribu kuwika, jioni hiyohiyo anatupikia.

#16 Nesi_wa_Zamani

Mpe salamu zangu. Mwambie Mabanda nilifika.